Tundu Lisilo na Kazi

Wakili alikuwa mtu wa karatasi zilizonyooka, na asubuhi hiyo ya Alhamisi karatasi moja iliyokunjwa mara nne ilikuwa imemkosesha raha. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka upande wa pili wa meza, alikoketi mpelelezi.

"Soma," alisema. "Halafu uniambie nimemkosea nani."

Mpelelezi aliitwa Kobe. Vijana wa kituoni walimbandika jina hilo enzi za utumishi wake kwa sababu ya mwendo wake, wakidhani halijui. Alilijua tangu siku ya kwanza, na alipostaafu aliliandika kwenye kadi zake za kazi. Hata karatasi hii hakuifanyia haraka. Aliinusa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza nyuma, ndipo akaisoma. Iliandikwa kwa herufi kubwa, juu ya mistari iliyopigwa kwa rula na penseli:

WAKILI, JINA LILILO KWENYE KISANDUKU CHA MVUMBUZI SI LA MVUMBUZI. USILIPELEKE OMBI LIKIWA HIVYO. NAKUSIHI.

"Ilipitishwa chini ya mlango jana mchana, sote tukiwa tumetoka kula," Wakili alisema.

"Ombi lenyewe la nini?"

"La hataza, hati ya kulinda uvumbuzi. Kuna fundi wa cherehani ametengeneza kikinga-kidole. Kinafungwa karibu na sindano. Kidole kikipotea njia kinagusa mdomo wa kile kikinga, gurudumu linaachia, sindano inasimama. Kitu kidogo, lakini kazi safi. Mwaka jana tuliwasilisha ombi la hapa nyumbani. Ukishawasilisha hilo, una miezi kumi na miwili ya kupeleka la kimataifa. Ni ombi moja tu, lakini linakushikia nafasi katika nchi zaidi ya mia, na tarehe yako inabaki ileile ya mwanzo. Miezi hiyo inaisha kesho. Dirisha la kupokelea linafungwa saa kumi jioni."

"Ukichelewa?"

"Tarehe ya mwanzo inapotea. Huko nje kuna kampuni mbili zinafukuzia kitu kama hiki. Atakayewahi ndiye mwenye nacho."

"Na ukipeleka jina la uongo?"

"Hataza inasimama vizuri tu, mpaka siku itakapoanza kuleta faida. Siku hiyo mtu anakwenda mahakamani, anathibitisha kuwa mvumbuzi ni mwingine, na yote yanaanguka." Wakili alivua miwani akaifuta. "Huyu Fundi nampenda, sitaki aanguke. Lakini uongo siupeleki dirishani."

Kobe aliitazama tena barua. Watu wanaotisha hawaandiki nakusihi.

"Fomu yenye hicho kisanduku wameiona akina nani?"

"Mimi. Mhazili wangu, aliyeichapa. Na Fundi mwenyewe. Alikuja Jumanne kusaini, akaisoma mara mbili, kisha akasema mkono unamuuma, atasaini Ijumaa."

"Mkono upi?"

Wakili alifikiri. "Hakusema."

Kobe aliomba michoro. Kikinga kilichorwa kwa ukubwa wake halisi, kibati chembamba chenye umbo la nusu jani, na kila sehemu ilikuwa na namba yake. Kidole cha Kobe kilisimama kwenye namba kumi na nne, tundu dogo lililotobolewa kwenye pembe ya juu.

"Hili?"

"La kupitisha hewa," Wakili alisema kwa fahari. "Nimeliandikia mistari kumi na mmoja."

"Fundi ndiye aliyekuambia?"

"Fundi alisema limekaa hivyo tu. Kitu hakiwezi kukaa hivyo tu ndani ya ombi la kimataifa, kwa hiyo nikatafakari."

"Hewa inapoza nini? Cherehani zenyewe si za kukanyaga kwa mguu?"

Wakili aliuinamia mchoro tena. Kobe aliomba simu, akampigia mchoraji, mtu mkali asiyependa kukatizwa mawazo.

"Mimi nachora ninachokiona," mchoraji alifoka. "Niliona tundu, nikachora tundu. Hata nukta siongezi!"

Kobe alishukuru, akakata. Mchoraji hakulibuni, Wakili ameligeuza dirisha, na Fundi hataki kulieleza. Lakini chuma hakijitoboi. Anayejua kazi ya tundu hilo, Kobe aliamua, ndiye aliyekifanya kitu hicho kwa mara ya kwanza. Akachukua nakala ya mchoro, akaikunja vizuri ndani ya koti.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja kirefu kinachonukia mafuta mepesi ya mashine, harufu ileile iliyokuwa kwenye barua. Cherehani kumi na mbili zilisubiri zamu ukutani, kila moja na kikaratasi cha ugonjwa wake: inaruka mshono, inakata uzi, inalia. Fundi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwingi wa maneno.

"Shikamoo, mzee. Karibu, kaa hapo. Si hapo! Kiti hicho kina mguu mgonjwa."

"Marahaba. Wakili amenituma tuhakikishe maelezo kabla ya kesho."

Huo haukuwa uongo. Fundi alikitoa kikinga cha chuma na kuanza. Alieleza springi, akaeleza skrubu, akaeleza kwa nini mdomo umeinama hivi na si vile. Alieleza kwa robo saa bila kumeza mate, na Kobe aliandika yote.

"Na hili tundu?"

Fundi alichukua kitambaa, akakifuta kikinga ambacho hakikuwa na uchafu.

"Hilo limekaa hivyo tu, mzee."

"Bila kazi?"

"Chai unatumia sukari?"

Kobe alitumia sukari, vijiko viwili. Fundi alipoligeukia birika, mpelelezi aliiokota rula ya chuma iliyokuwa mezani, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake. Penye sentimita saba ukucha ulikwama. Palikuwa na pengo dogo, labda rula iliwahi kuangukiwa na nyundo. Aliitoa barua na kuikunjua magotini, chini ya meza. Mistari yote ya penseli ilikuwa na kijibonde, na kila kijibonde kilikuwa sentimita saba kutoka mwanzo wa mstari. Akaikunja barua na kuirudisha rula mahali pake.

Basi barua kaiandika Fundi mwenyewe. Kobe aliwahi kukutana na watu waliojishtaki kwa woga, na mmoja kwa ulevi, lakini huyu alimimina chai bila kumwaga tone. Tena kwa mkono wa kulia.

"Mkono unaendeleaje?"

"Mkono upi?"

"Uliokuwa unauma Jumanne."

"Aaa, huo. Umepona, mzee."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi haikufika hata mlangoni. Kobe angeweza kumbana hapohapo. Lakini mtu anayeandika barua isiyo na jina dhidi ya nafsi yake ana jambo ambalo kinywa chake kimekatazwa, na ukimbana atakifunga kabisa. Akaamua kuzunguka nyuma.

"Uliwahi kuwa na mwenzako katika kazi hii?"

"Nilikuwa na mshirika, wanamwita Spana. Tuligombana, akaenda kufungua kwake, barabara ya pili."

"Na cherehani ya kwanza kufungwa kikinga ni ipi?"

"Ya shangazi yangu, aliyenilea. Anashona sare za shule nyumbani kwake, nyuma ya uwanja wa mpira." Kisha akaongeza, kwa haraka kidogo kuliko ilivyohitajika: "Lakini yeye hana la kukuambia."

Kobe alimaliza chai yake yote, kwa kuwa ilikuwa nzuri.

*

Moyo ulimvuta nyuma ya uwanja wa mpira, lakini utaratibu ni utaratibu, na Spana alikuwa barabara ya pili. Alimkuta kati ya pampu za maji zilizofunguliwa matumbo, akizungumza na mteja kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo.

"Kikinga? Cha kwangu kile!" Spana alisema kabla swali halijaisha. "Mawazo yangu, jasho langu! Andika, mzee. Andika kabisa!"

"Naandika. Tundu la pembeni umeliweka la nini?"

Spana alikodoa macho. "La kupunguza uzito."

"Tundu la upana wa punje ya mchele?"

"Uzito ni uzito, mzee."

"Na barua kwa Wakili umeandika wewe?"

"Barua?" Spana alicheka mpaka pampu zikaitikia. "Mimi nikidai changu nakuja kwa miguu yangu na mtaa wote unasikia. Barua ya nini?"

Hilo Kobe aliliamini. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe hili lisingeweza kupita chini ya mlango kimyakimya. Alichora mstari juu ya jina la Spana, akaenda kulala mapema.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Kobe alipita nyuma ya uwanja wa mpira. Kifungo cha koti lake kilikuwa kimekatika tangu mwezi uliopita, na leo, kwa mara ya kwanza, uvivu wake ulipata faida. Aliusukuma mlango ulioegeshwa.

"Wengine hubisha hodi," ilisema sauti kutoka nyuma ya cherehani.

"Hodi, Shangazi."

"Umeshaingia, sasa hodi ya nini? Lete hilo koti, naliona linavyopumua."

Mtaa wote ulimwita Shangazi, na Kobe hakuona sababu ya kuwa tofauti. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kwenye kidole chake cha shahada cha kushoto palikuwa na makovu matatu madogo, yaliyopangana. Alikuwa akishona kola nyeupe, na mguu wake haukuacha kukanyaga hata alipozungumza.

Kobe aliutazama ukuta. Misumari ilipangwa kwa safu, kutoka usawa wa goti mpaka mkono unapofika. Mikasi ilining'inia. Rula ya mbao ilitobolewa ikaning'inia. Kopo la chaki, kijiko cha chai, sega, kalenda, vyote vilitobolewa na kutundikwa. Kwenye msumari wa karibu na beseni kilining'inia kipande cha sabuni, na uzi umepita katikati yake.

"Hata sabuni, Shangazi?"

"Sabuni ndiyo mkorofi kuliko wote. Kilicho kwenye msumari hakipotei."

Aliihesabu misumari, maana ndiyo kazi yake. Ilikuwa arobaini na mmoja, na mmoja tu ulikuwa mtupu, ule uliokuwa karibu kabisa na mkono wa kulia wa Shangazi. Ukuta ulikuwa umepigwa rangi ya kijivu na moshi wa pasi ya mkaa wa miaka mingi, isipokuwa chini ya msumari huo. Pale palibaki alama nyeupe.

"Huu mbona mtupu?"

"Huo una mwenyewe. Alihama."

Kobe alitoa mchoro mfukoni, akaukunjua. Aliuweka ukutani ili namba kumi na nne ikae juu ya msumari, akatazama kingo. Nusu jani la karatasi lilikaa juu ya nusu jani la ukuta, pembe kwa pembe.

"Shangazi," aliuliza bila kugeuka, "tundu hili la nini?"

"La kutundikia, la nini tena? Kwanza unatoboa, halafu ndiyo unatengeneza. Ukingoja mwisho unasahau..."

Cherehani ikanyamaza.

"Nani amekupa karatasi hiyo?" Shangazi aliuliza polepole.

"Nitakujibu. Lakini kwanza niruhusu nipige simu mbili."

*

Wakili alifika saa tano akiwa na mkoba na jasho. Fundi alifika nyuma yake na kusimama mlangoni, macho chini, mithili ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Umesema," Shangazi alimwambia.

"Sikusema, Shangazi. Niliapa sitatamka, na sijatamka." "Niliandika."

Kobe alikohoa ili asicheke. Shangazi hakucheka, lakini kamba ya miwani yake ilitikisika.

"Nilimpa siku ya harusi yake, miaka miwili iliyopita," alisema, akiwageukia wale wawili. "Sikuwa na kitu kingine. Sindano ilishanichoma mara tatu, kwa hiyo nilikata kopo la rangi ya viatu, nikachukua springi ya kalamu, nikajikinga. Nikaona kinafaa. Nikamwambia, chukua, fanya nacho maisha, na usimwambie mtu. Zawadi ukishaitoa huandiki jina lako juu yake. Na nani atamsikiliza bibi mshona kola? Wataona jina langu, watalitupa ombi la mtoto."

"Mimi niligeuza bati kuwa chuma, basi," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kila kilichokuwepo nilikiacha kilivyo. Hata tundu niliogopa kuliziba. Mwaka jana nilisaini bila kusoma, lakini Jumanne nilipofika kwenye kile kisanduku nikaona naiba, Shangazi. Nakuibia wewe uliyenilea. Kalamu ilinishinda."

"Kuna mteja aliyewahi kukiona hicho kibati?" Wakili aliuliza, tayari na daftari. "Jambo hili ni muhimu. Kikishaonekana hadharani, si kipya tena."

"Wateja wangu wanaishia dirishani. Humu anaingia niliyemlea, na huyu mzee asiyebisha hodi."

Wakili alishusha pumzi. Kisha akasogeza kigoda mpaka mbele ya Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi aliongea kama mtu na si kama karatasi.

"Mama, visanduku ni viwili. Hiki cha mwombaji ni cha mwenye mali. Mali unaweza kumpa umpendaye, na wewe ulishampa tangu harusi. Leo utaandika tu kwamba ndivyo ulivyofanya. Hapo atakaa kijana wako, hakuna wa kumtoa. Kisanduku hiki cha pili ni cha mvumbuzi. Kuvumbua ni jambo lililokutokea wewe, huwezi kumpa mtu mwingine, kama usivyoweza kumpa siku yako ya kuzaliwa. Tukikuficha, ndipo zawadi yako itakapovunjika mikononi mwake."

"Kwa hiyo nikikaa kimya ndiyo namharibia?"

"Ndiyo, mama."

Shangazi alikitazama kidole chake, kile chenye makovu.

"Chanda chema huvikwa pete, Shangazi," Kobe alisema.

"Wewe nyamaza, koti lako halijaisha." Alinyanyuka, akanawa mikono kwa sabuni ya uzi, akaikausha kidole kwa kidole. "Haya. Nisomee kila neno, usiruke."

Wakili alimsomea. Ilichukua saa nzima, kwa sababu Shangazi alisimamisha usomaji mara tisa, na mara ya tisa ilikuwa kwenye namba kumi na nne.

"Hewa?" alisema. "Hewa ya nini? Sindano inaona joto?"

Wakili alipiga mstari juu ya mistari yake kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kwa uchungu wa kweli. Juu yake akaandika maneno mawili: *la kutundikia*. Shangazi alisaini hati ya zawadi. Fundi alisaini ombi, na mkono haukumuuma. Wakili aliahidi kurekebisha jina kwenye ombi la mwaka jana pia, kisha akakimbia kwa mhazili wake kuchapa upya.

*

Saa tisa na dakika ishirini walisimama dirishani, watatu wakimzunguka Shangazi. Karani wa kupokea alihesabu kurasa kwa kidole gumba, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Alisoma kisanduku cha mvumbuzi, akainua macho, akawatazama wote.

"Mvumbuzi ni nani hapa?"

Wanaume watatu walimwonyesha kwa vidole. Shangazi alijirekebisha kitambaa cha kichwani.

"Ni mimi," alisema.

Muhuri uligonga mara mbili. Fundi alicheka, akalia kidogo, akacheka tena, na Wakili akampiga piga mgongoni bila kujua pa kutazama. Dirishani kulikuwa bado na dakika thelathini na nane.

Walirudi naye nyumbani. Wakili alimkabidhi nakala ya ukurasa wa kwanza, yenye muhuri na namba.

"Iweke mahali salama, mama. Ndani ya faili, isikunjike."

"Nitaiweka," Shangazi alisema. Alikaa, akaipitishia kidole mpaka kwenye jina lake, akalisoma kwa midomo bila sauti. Kisha akatungua ukutani chombo chake cha kutobolea. Wakili aliona kinachokuja, akafumba macho. Chombo kikapita kwenye pembe ya juu, kando kidogo ya muhuri.

Aliutundika ukurasa kwenye msumari mtupu. Ulikuwa mkubwa kuliko ile alama nyeupe, ukaifunika yote. Shangazi aliunyoosha kwa kiganja, akarudi kwenye cherehani yake, akanyoosha mkono.

"Haya," alimwambia Kobe, "lete koti."